Mche wa persimoni Sh 45,000, kiwanja Kibada: ninunue au niache?

MamaTwaha_Kibada

Wadau, habari za jioni. Naomba mawazo yenu kabla sijatoa hela.

Kuna tunda linaitwa persimoni. Nililionja kwa mteja wangu mmoja wa Masaki ambaye nampelekea chakula cha mchana. Alinikatia vipande kwenye kisahani: rangi ya chungwa, gumu kidogo, tamu bila uchachu wowote. Nikaenda supermaketi nikayakuta kwenye trei, kibandiko kinasema Afrika Kusini, na kwa bei ya matunda manne ningepata kuku wa kienyeji. Twaha alikula matatu, mimi na baba yake tukagawana lililobaki.

Sasa kuna kijana anauza miche pembeni ya barabara huku kwetu. Ana mche wa persimoni unaonifika kiunoni, anataka Sh 45,000. Anasema ni ileile ya supermaketi na kwamba baada ya miaka miwili nachuma. Kiwanja changu ni mchanga mtupu. Maji ni ya kisima kirefu na yana chumvi, ukifulia sabuni haitoi povu. Nafasi iliyobaki ipo nyuma, kati ya ukuta na mwembe.

Naomba kujua: unazaa Dar? Lazima uwe na dume na jike? Mizizi haitanivunjia ukuta? Na hiyo bei ni ya haki?

Jirani wa Goba

Elfu arobaini na tano kwa mti usio na tunda hata moja! Mama Twaha, panda mpapai, mwaka haujaisha unakula.

BwanaShamba_Mstaafu

Mama Twaha, nimefanya kazi ya ubwana shamba milima ya Usambara mpaka nikastaafu, sasa nipo Kimara na miembe yangu. Miti ya baridi naijua, na joto la Dar nalijua pia. Nitakujibu kwa mpangilio wangu.

Tuanze na baridi, maana bila hiyo mengine yote ni porojo. Persimoni ya madukani ni Diospyros kaki, asili yake China, na Wajapani wameilima kwa karne nyingi. Ni mti unaopukutisha majani. Kwao msimu wa baridi ukifika unabaki fito tupu, unalala, na usingizi huo ndio unaouwezesha kuchipua kwa pamoja na kutoa maua vizuri msimu ukigeuka. Usingizi wenyewe hupimwa kwa saa: kwa kawaida mti huu unataka jumla ya saa kama 100 hadi 200 chini ya nyuzi 7 za selsiasi. Ni kidogo sana ukilinganisha na aina nyingi za tufaa za Ulaya, zinazodai hata saa 1,000, ndiyo maana watu wakisikia wanadhani ni mti wa joto. Dar usiku wa Julai, ule ambao bodaboda wote wamevaa makoti mazito, kipimajoto kinasoma 18 au 19. Saa zako za baridi ni sifuri mwaka mzima, na Kigamboni mna bahari karibu, hamna hata matumaini.

Mti hautakufa. Hapo ndipo watu wanapoliwa hela. Utakua, utatoa majani mapana yanayong'aa, majirani watakuja kuuliza ni mti gani. Lakini utachipua tawi hili leo na lile mwezi ujao, maua ya kuokoteza, na hicho kitakachotunga kitadondoka kikiwa bado kidogo. Na wewe umeshaanza kuupenda, kwa hiyo hutaukata.

La pili ni aina, na hili linaihusu hela yako moja kwa moja. Persimoni ziko za namna mbili. Kuna zile bapa, kama Fuyu na Jiro, ambazo unazila zingali ngumu. Na kuna zenye tanini nyingi, ndiyo ukali wenyewe, maarufu ikiwa Hachiya yenye ncha chini. Hiyo ukiing'ata kabla ya wakati wake ni bibo bichi mara tatu: ulimi unakauka, mashavu yanavutika kwa ndani, maji hayasaidii. Inasubiriwa mpaka ilegee kabisa, halafu inachotwa kwa kijiko. Ukitaka kuiharakisha unaifungia kwenye mfuko wa karatasi pamoja na ndizi mbivu.

Sasa sikiliza. Persimoni za Afrika Kusini kwa kawaida ni aina ya Triumph, ambayo Waisraeli ndio walioitangaza kwa jina la Sharon. Mtini ni kali. Baada ya kuchumwa hufungiwa kwenye vyumba vyenye hewa nyingi ya kaboni dayoksaidi, ukali unaisha huku tunda likibaki gumu. Wahispania wa Valencia nao wanafanya hivyo kwa Rojo Brillante yao. Kwa hiyo kama kijana anasema kweli kwamba ni ileile ya supermaketi, basi anakuuzia mti wa matunda makali, na chumba cha kuyafungia huna.

Na kama ameuotesha kwa mbegu, mambo ni mabaya zaidi. Mche wa mbegu haumfuati mama yake. Unaweza ukawa dume tupu, na ukibahatika kuzaa, mara nyingi matunda huwa makali. Muulize tu kwa upole mbegu aliitoa wapi, maana hayo ya supermaketi kwa kawaida hayana mbegu. Twaha alikutana na hata moja?

Mengine nayapitia haraka. Dume si lazima, Fuyu na Hachiya hutunga matunda bila kuchavushwa. Ukuta wako uko salama ukipanda mita tatu kutoka hapo, mzizi wake mkuu unazama chini zaidi kuliko unavyotambaa. Kivuli cha mwembe hakifai, mti unataka jua la kutosha. Maji ya chumvi ndiyo adui kabisa: kingo za majani zitaungua rangi ya kahawia, halafu mti utaanza kurudi nyuma. Miaka miwili ni maneno ya biashara. Mche uliobebeshwa, yaani kikonyo cha aina inayojulikana kimeungwa juu ya shina la mche mwingine, mahali penye hali ya hewa yake, hesabu mitatu hadi mitano. Wa mbegu saba au zaidi.

Bei siwezi kuisemea kabla ya kuona shina. Nenda kaliangalie kwa chini, kama shibiri moja kutoka udongoni. Mche uliobebeshwa una kovu, gome la chini na la juu hayafanani, mara nyingi shina limepinda kidogo pale kikonyo kilipoungwa. Kisha uliza jina la aina na jina la shina mama, lile la chini lililobeba kikonyo. Fuyu ikiungwa juu ya Diospyros lotus hawapatani vizuri, mti unaweza kudhoofika ukiwa tayari umeshajenga matumaini.

Miche_Mbezi

Shikamoo mzee. Nauza miche miaka mingi, siyo huyo kijana wa Kigamboni, lakini nasema kwa niaba yetu maana humu tunasemwa sana. Mteja anakuja na picha kwenye simu, anataka tunda la China, ukimwambia halifai Dar anavuka barabara kwa mwenzako na kununua hukohuko. Tufanyeje? Halafu hilo la baridi siyo msahafu. Kuna Waindonesia wanavuna matufaa, na nchi yao iko ukanda wa ikweta kama sisi. Wanapukutisha majani kwa mkono, mti unadanganyika unachipua. Kwa nini mama Twaha asifanye hivyo na persimoni yake?

BwanaShamba_Mstaafu

Marahaba kijana wangu. Umesoma, nimefurahi. Hao ni wakulima wa Batu, Java ya Mashariki, na kweli wakishavuna wanayatoa majani yote kwa mkono ili mti uanze upya bila kusubiri baridi. Lakini Batu ni milimani, kama mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Usiku wao siyo usiku wa Mbagala. Na persimoni Waindonesia wanazo pia, wanaziita kesemek, zinalimwa Garut na maeneo ya nyanda za juu. Jakarta hawazilimi. Thailand vilevile, iko milima ya Chiang Mai. Ukifuatilia kila video ya "persimoni nchi za joto" utakuta mlima nyuma yake, ila mwenye kamera hausemi.

Mteja anayevuka barabara mwache avuke. Mwandikie kwenye kibao: aina, umebebeshwa au la, unatoka wapi. Atarudi mwenyewe na atamleta shemeji yake.

Kontena_Kariakoo

Wakuu, mimi nafuata mzigo Guangzhou. Mwezi wa kumi na wa kumi na moja persimoni ziko kila kona kule, mpaka wanazisukuma kwenye mikokoteni. Wanazo pia zilizokaushwa, bapa, zina unga mweupe kwa juu, mwanzoni nilidhani ni ukungu nikataka kurudisha. Kumbe ni sukari ya tunda lenyewe imetoka nje. Mama Twaha, ukitaka vikonyo vya ukweli nakuwekea kwenye begi, nguo chini nguo juu, nani ataona?

BwanaShamba_Mstaafu

Kontena, mwanangu, usifanye hivyo. Mmea, kikonyo au mbegu kutoka nje vinatakiwa viwe na kibali cha kuingiza kutoka TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, na cheti cha afya ya mimea cha huko vinakotoka. Usinione mzee wa makaratasi. Nzi wa matunda anayetuozeshea maembe, Bactrocera dorsalis, asili yake ni Asia. Afrika Mashariki alionekana Kenya mwaka 2003 na sisi hatukuchelewa kumpata. Leo mwenye mwembe Kimara anafungua embe zuri kwa nje, ndani wanacheza funza. Nimeyaokota hayo maembe kwangu kwa ndoo, nikayazika. Yule hakuja kwa ndege yake mwenyewe, alibebwa na watu. Vikonyo navyo hubeba vidung'ata na magonjwa ambayo macho yako hayayaoni.

Hayo makavu uliyoyaona ni kazi nzuri sana, Fuping mkoani Shaanxi wanajulikana kwa hayo. Wanachukua zile kali zikiwa bado ngumu, wanazimenya, wanazianika wiki kadhaa. Ukali unapotea, utamu unabaki. Wajapani wanazitundika kwenye kamba, moja moja, na kuziminyaminya kwa vidole kila baada ya siku chache. Kwa hiyo mti wa matunda makali siyo laana, mradi mwenyewe ujue umenunua nini.

Nesi_Temeke

Naongeza kidogo la kiafya kwa wenye watoto. Hizo kali ambazo hazijaiva, usizile nyingi, hasa tumbo likiwa tupu. Tanini yake ikikutana na tindikali ya tumboni hugandamana na nyuzinyuzi, ikaweza kufanya donge gumu lisilopita. Ni jambo linalojulikana kitabibu, na wenye vidonda vya tumbo au waliowahi kufanyiwa upasuaji wa tumbo wawe makini zaidi. Mbivu kwa kiasi haina shida.

Vinyago_Mwenge

Mzee shikamoo. Nimesoma mahali kwamba persimoni ni ndugu wa mpingo. Mimi mpingo ndio unga wangu, je, nao unazaa tunda la kuliwa?

BwanaShamba_Mstaafu

Marahaba. Mpingo wako ni Dalbergia melanoxylon, huo ni wa jamii ya kunde, ndugu zake ni maharage na mikunde ya porini. Mti mweusi ambao ni ndugu wa persimoni ni ule wa India na Sri Lanka, Diospyros ebenum. Weusi wa mbao ndio uliowachanganya waandishi. Hapa kwetu pia tuna Diospyros wa porini, mmojawapo ni Diospyros mespiliformis, una vitunda vya njano ambavyo watoto wa vijijini wanavijua vizuri kuliko maprofesa.

Na hapo nimekumbuka kitu kwa ajili ya mama Twaha. Ukitaka ukoo huu lakini unaokubali joto la Pwani, mti wako ni Diospyros nigra wa Mexico. Huo haulali, haudai baridi. Tunda lake ni la kijani kwa nje hata likiiva, na ndani ni la kahawia iliyokolea, laini. Mitandaoni wanaliita la chokoleti. Chokoleti haimo, msidanganyane, ni utamu wa upole tu. Watu wanaliponda na maji ya chungwa au maziwa. Lina vitamini C nyingi. Likiwa bichi ni chungu, usiliguse. Kuna miti inayotoa maua ya kiume tu, kwa hiyo huko nako utafute uliobebeshwa. Tena ni mti mkubwa, unaweza kupita mita 10 usipoukata. Kwa kiwanja chako itabidi uchague kati yake na mwembe, na mimi nisingekata mwembe.

MamaTwaha_Kibada

Shikamoo mzee, na asanteni wote. Nimerudi na majibu.

Nimekwenda kwa yule kijana asubuhi, nikachuchumaa kama mkaguzi. Shina limenyooka kutoka udongoni mpaka juu, hakuna kovu wala mpindo, gome moja. Nikamuuliza aina, akasema "Fuyu". Nikamuuliza umebebeshwa? Akasema hapana, "ni Fuyu ya mbegu". Nikamuuliza mbegu umeitoa wapi, akasema bosi ndiye anajua. Twaha aliyekuwa amenishika gauni akamwambia "yale matunda hayana mbegu, mimi nilikula matatu." Kijana akacheka, akashusha mpaka elfu ishirini. Sikununua, ila nimechukua miche miwili ya pilipili mbuzi ili asijisikie vibaya.

Sasa mzee, wazo jingine. Baba Twaha kwao ni Mlalo, Lushoto. Mama mkwe ana shamba lenye miplamu na mipichi, Julai ukienda unalala na mablanketi mawili. Je, huko itakubali? Nikipata mche wa kweli nitaufikishaje kwa basi?

BwanaShamba_Mstaafu

Marahaba mama. Mlalo! Ungeanza na hilo tungemaliza juzi.

Panapozaa plamu na pichi, persimoni ina nafasi nzuri. Usiku wa Juni mpaka Agosti kule juu ni wa baridi kuliko huku, na mti wenyewe haudai mengi. Asiuweke bondeni kabisa, maji yakituama mizizi inaoza. Auweke mteremkoni, penye jua la asubuhi, mbali na upepo, maana matawi yake yakibeba matunda yanavunjika kirahisi.

Mche waulize TARI Tengeru kule Arusha, taasisi ya utafiti wa kilimo, hao kazi yao ni mboga na matunda, na waulize pia idara ya kilimo cha bustani SUA, chuo kikuu cha Sokoine, Morogoro. Sema wazi: Fuyu, uliobebeshwa, juu ya shina la kaki yenyewe. Wakikwambia hawana, waombe wakuelekeze kwenye kitalu kilichosajiliwa. Usikubali "unaofanana nao".

Shimo futi mbili kwa mbili kwa mbili. Udongo wa juu aweke pembeni, auchanganye na samadi iliyooza vizuri, debe moja linatosha. Samadi nyingi ni kosa ambalo mama wakwe wote wanalifanya kwa upendo: mti unapata nguvu ya majani na kudondosha matunda. Mizizi ukiona ni myeusi usishtuke ukadhani imeoza, ndiyo rangi yake. Kovu la kubebesha libaki juu ya ardhi. Atandaze nyasi kavu kuzunguka, zisiguse shina. Apande mvua za vuli zikianza, au Machi kama vuli imekataa.

Kupogoa afanye mti ukiwa hauna majani, na asikate ncha zote za matawi, kwa sababu matunda hutokea kwenye machipukizi mapya yanayoanzia karibu na ncha za tawi la mwaka uliopita. Wengi wanakata ncha ili mti upendeze, halafu wanaulizana kwa nini hauzai. Ukizaa sana mwaka wa kwanza apunguze matunda yangali madogo. Yakianza kubadilika rangi ayavike mifuko ya karatasi, yule nzi wa Kontena yupo na Lushoto pia. Na kuchuma ni kwa mkasi, likiwa na kikonyo na lile kofia lake la juu. Ukilivuta linachubuka.

Basi: umwagilie jioni ya kuamkia safari, asubuhi usiumwagilie tena. Ufunge udongo na mfuko wake kwenye kiroba, matawi uyakusanye kwa kitambaa, siyo kamba. Pale stendi ya Magufuli kataa kata kata usiwekwe kwenye buti, joto la humo linaupika kabla hamjafika Chalinze. Ukae nao miguuni. Mombo mkishuka kubadili gari uuweke kivulini. Ukifika usipandwe siku hiyo hiyo, ukae chini ya mti wiki moja uizoee hewa.

Jirani wa Goba

Sasa mpapai wangu hamuutaki?

MamaTwaha_Kibada

Jirani, mpapai napanda kesho pale nyuma, usijali 😂

Mzee, nimempigia mama mkwe. Amefurahi mpaka anataka kuchimba shimo leo. Ila ameuliza swali moja, kama mbuzi wanakula majani yake.

BwanaShamba_Mstaafu

Wanakula. Mwambie shimo lisubiri, uzio uanze.